Usiku wa Ijumaa, Saa Tano

Katikati ya duka la Sanga, pale Mwanjelwa mjini Mbeya, palikuwa na kitanda. Kitanda kweli, chenye godoro na shuka la maua, na mteja aliyetaka redio-saa alilazwa hapo na viatu vyake mbele ya macho ya watu ili mashine imsome. Ukishafumba macho, redio iliyowekwa kwenye stuli pembeni ilianza kazi. Ilisikiliza pumzi, ikapima mapigo ya moyo bila kukugusa, ikajua usingizi wako una kina gani na ni sauti ipi itakayokutoa humo bila kukushtua. Mmoja huamshwa na kwaya, mwingine na mvua juu ya bati. Kuna mzee wa Uyole ambaye mashine iligundua haamki kwa lolote ila kwa matangazo ya vifo. Jamani, tulicheka wiki nzima.

Siku hiyo aliyelala pale alikuwa Atuganile Mwakibete, fundi cherehani wa mtaa wa Soweto, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

"Mama, legeza mabega," Sanga alisema. "Mashine inasema umejikaza kama mtu anayesubiri kuchapwa."

"Ndivyo nilivyo. Niuzie redio niende."

"Mbona haraka? Redio ya kitandani ni kama mume, unachagua taratibu."

Sanga alisema hivyo kwa mzaha wake wa dukani, kisha akakumbuka anasema na nani, akaona haya. Mji mzima ulijua habari za mume wa Atuganile.

Mume huyo ni Faki Shaame, Mpemba wa Micheweni, fundi majokofu. Alikuja Mbeya kutengeneza vyumba vya baridi vya wasafirishaji wa parachichi, akasema atakaa mwezi, akamwona Atuganile, akakaa moja kwa moja. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wao kwa wao, na walitoshana. Halafu likaja tangazo la Chombo Kikuu, meli ya anga itakayobeba watu kwenda kwenye jua jingine, huku abiria wote wamelazwa kwenye vitanda vya baridi. Vitanda vya baridi vinataka fundi wa baridi, naye akishavifunga abaki alale na wenzake safari nzima. Faki alitia saini bila kumwambia mkewe. Atuganile alizipata habari kwa jirani, akiwa anapima suti ya mtu. Siku Faki anaondoka, yeye alijifungia chumbani akikanyaga cherehani isiyo na kitambaa, ili asisikie hatua za mumewe zikitoka uani.

Lilikuwa kosa kujifungia? Mimi simhukumu. Mtu akichomwa, hupiga kelele kwa namna yake.

Miezi ikapita. Wiki ile ukafika ujumbe kutoka kituo cha mwisho, huko ambako Chombo Kikuu kilikuwa kinasubiri kuondoka jumla. Ulikuja kwa mawimbi ya kawaida, yale yanayotambaa saa nyingi angani, na ambayo jamaa hawakuruhusiwa kuyatumia kujibu, kwa hiyo haukuwa wa kujibizana. Sauti ya Faki ilisema:

"Atu, mie hapa. N'lifanya vibaya kutokukushirikisha, na kila nikilala nalijua hilo. Chombo cha kurudi nyumbani kingalipo. Usiku wa Ijumaa, saa tano, n'tafungua uzi wetu. Ukinambia rudi, n'tarudi, wallahi n'tarudi. Ukinyamaza, n'tajua hutaki, nami n'talala na wenzangu."

Atuganile aliusikiliza ujumbe ule akiwa na pini mdomoni. Akazitema pini, akacheka, akalia, akacheka tena. Neno lenyewe alikuwa nalo tayari tangu siku ile ya cherehani. Rudi. Lilibaki kulisema tu.

Sasa uzi wenyewe. Wataalamu wa anga walikuwa wamepata njia ya kufuma chembe pacha, ukiitikisa moja hapa, pacha wake hutikisika papo hapo hata awe nyuma ya nyota. Walizifuma katika kijiti chembamba wakakiita uzi-sauti, na kila jamaa wa msafiri alipewa kimoja. Ila uzi-sauti ni kama kubeba benchi, lazima wanyanyue wawili kwa pamoja. Ukifunguliwa pande zote kwa wakati mmoja, mtazungumza. Ukifunguliwa upande mmoja tu, unaungua taratibu mpaka unakwisha, na hautengenezeki. Ndiyo maana watu walihitaji redio-saa zenye tundu la kupachika uzi. Saa inaufungua kwa wakati mliopatana, na redio inatoa sauti pale pale kando ya mto wa kulalia.

"Tuanze na hii," Sanga alisema, akiinua redio-saa pana kama mkate mzima. "Inaitwa Mshenga. Ina akili mnemba kamili. Hebu iambie neno."

"Niamshe saa moja," Atuganile aliiambia.

"Saa moja ya asubuhi au ya jioni?" Mshenga iliuliza kwa adabu. "Ya kesho, au ya siku nyingine? Je, kuna mwenzako wa upande wa pili? Yeye ni mwenyeji wa wapi, na huhesabuje…"

"Ee, nyamaza! Mbona inahoji kama mkwe?"

Watu dukani wakaangua kicheko, na Atuganile naye akatabasamu kidogo. Akaiangalia redio iliyofuata, yenye kioo cha kuonyesha ndoto zako, akatikisa kichwa. Meza yake ya kitandani ilikuwa ndogo, tena imejaa: Biblia, glasi ya maji, kofia ya Faki ya kiua, ile ya kutariziwa kwa mkono, ambayo hakuitoa pale hata siku alipokuwa na hasira kuliko zote.

"Nataka kadogo," alisema. "Kasikokuwa na maneno."

Sanga akachomoa moja chini ya kaunta. Ilikuwa sawa na mche mfupi wa sabuni, na watu walikuwa wameshaibatiza Kisabuni.

"Hii inafanya kazi, lakini nikuambie ukweli wangu, mama. Wameibana hivi kwa sababu wameitoa kiulizi. Haiulizi kitu. Unachosema inakichukua kama kilivyo kwa desturi za hapa mjini, basi."

"Ndiyo ninayoitaka. Nimechoka kuulizwa. Tangu aondoke naulizwa na kila mtu."

Kisabuni ikamsoma pale kitandani. Ikajaribu kwaya, ikajaribu mvua, moyo wa Atuganile haukuitikia. Mwishowe ikatoa mlio wa funguo zikitafuta tundu la mlango, na mwanamke akafumbua macho akakaa kitako, akautazama mlango wa duka. Sanga akajifanya anafuta kaunta.

Atuganile akapachika uzi, akasema polepole, "Usiku wa Ijumaa, saa tano."

"Sawa," Kisabuni ilijibu.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi alishona sare za shule mpaka mgongo ukamuuma, akapiga pasi gauni la kijani ambalo Faki alilipenda, kana kwamba mtu ataliona kupitia redio. Jioni alikula vizuri, akalala mapema, akapata usingizi mtamu kuliko wote alioupata tangu mumewe aondoke. Aliota anapika ndizi. Mwe! Usingizi ule baadaye aliulaani.

Ijumaa usiku, saa tano, funguo zikalia kandoni mwa mto. Atuganile alikuwa macho tayari, gauni mwilini, nywele amezisuka upya. Akaisogelea Kisabuni.

"Faki? Rudi," alisema, kabla hata ya salamu.

Taa ya uzi haikuwaka. Akarudia, akaitikisa redio, akaichomoa akaipachika tena, akamwita mumewe kwa majina yote aliyowahi kumwita, na hakuna kilichojibu.

Asubuhi yake alipanda treni ya sumaku ya kwanza kwenda Songwe, kwenye ofisi ya wasafiri wa anga. Roboti wa mapokezi alitaka kumpa kahawa, akampita. Alipokelewa na Raya, binti wa Unguja, mtulivu, aliyekuwa akihudumia jamaa za wasafiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uzi wangu mbovu, mwanangu. Jana saa tano nimefungua, haukutoa hata mkwaruzo. Nipeni mwingine upesi, mume wangu ananisubiri."

Raya akakiweka kile kijiti kwenye kipimo chake. Akakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Si mbovu, mama. Umeungua. Uliungua juzi usiku."

"Juzi? Sikuugusa juzi!"

"Uliunguzwa kutoka upande wa pili. Alifungua yeye."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa imehifadhiwa kituoni na kutumwa kwa mawimbi ya kawaida. Raya aliuliza kama mama anataka kuisikia, na Atuganile akaitikia kwa kichwa. Ikaja sauti ya Faki, karibu kabisa.

"Atu? Upo? … Haya, n'nakungoja. … Atu, au ushalala? Wewe hulali mapema, n'nakujua." Akasikika akipumua. "Wenzangu wanakwenda kulazwa kukicha. … Atu. … Basi. Nimefahamu. Sikulaumu, wallahi sikulaumu. Mie ndo n'liyekukosea."

Uzi ukaungua, sauti ikakatika.

"Lakini alisema Ijumaa!" Atuganile alipiga meza. "Usiku wa Ijumaa! Nina ujumbe wake, sikiliza mwenyewe!"

Raya hakuhitaji kusikiliza. Macho yake yalishajaa machozi.

"Mama, kwetu visiwani siku inaingia jua likichwa. Jua la Alhamisi likishatua magharibi, ule ndio usiku wa Ijumaa. Ule wa kuamkia Ijumaa yenyewe. Alichagua usiku mtukufu, maskini."

Atuganile akakumbuka. Jioni moja, zamani, Faki anatandika mswala asome Yasini, anasema leo usiku wa Ijumaa, naye anamcheka kutoka jikoni: leo Alhamisi, bwana, umelewa majokofu? Faki akacheka naye, akasoma Yasini yake, na hawakulizungumza tena. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, na siku ya kila mmoja ikianza kwa wakati wake.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Ananiita, na mimi nimelala usingizi mzuri. Mwamsheni! Mwambieni haikuwa jibu!"

"Haamshwi, mama." Raya alimshika mkono. Akamweleza kwa upole yale ambayo Faki mwenyewe angeyaeleza vizuri zaidi. Msafiri akilazwa, damu yake hutolewa na kuwekwa majimaji yasiyoganda. Hurudishiwa damu na joto mara moja tu, mwisho wa safari. Anayeamshwa njiani hufa mikononi mwa anayemwamsha. Na safari ilikuwa ya miaka sitini.

"Sitini," Atuganile alisema. "Yeye ataamka na umri ule ule."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nitakuwa udongo."

Raya akavuta karibu kinasa-sauti kidogo cha fedha. "Kuna ujumbe wa kuamkia. Kila msafiri huwekewa mmoja, ndiyo sauti ya kwanza atakayoisikia akifumbua macho. Wake bado uko wazi. Mwambie ukweli, mama. Mwambie ni siku tu zilipishana. Ajue ulimtaka."

Atuganile akakishika kinasa-sauti. Akafikiri sana. Alimwona Faki akiamka kule, kwenye jua lisilo letu, kijana vile vile, na nyumbani hakuna wa kumrudia. Alimwona akisikia kwamba neno moja tu lilikuwa limekosea usiku mmoja tu, na kwamba kile chombo cha kurudi kilichokuwa kimeegeshwa hatua chache kutoka alipolala kingemleta mlangoni. Alimjua mumewe. Jokofu likimshinda alikuwa halali, analizunguka, analifungua na kulifunga mpaka alfajiri. Na hili lisingetengenezeka.

Akajikohoza. Sauti yake ikatoka kavu, ya dukani.

"Faki. Mimi Atuganile. Usiku ule nilikuwa macho. Nilikusikia unaniita, nikanyamaza kwa kutaka mwenyewe. Uliniacha bila kuniuliza, na mimi nikaona basi, yameisha. Sikukuhitaji tena. Niliishi vizuri, nilicheka, nilizeeka na watu wangu. Usinifikirie. Kula vizuri. Ukimpata mtu huko, muoe, na mwambie mambo yako kabla hujayafanya. Nimemaliza."

"Mama!" Raya alikuwa analia waziwazi. "Kwa nini? Si kweli hata neno moja!"

"Akijua nilimtaka, ataishi huko akilizunguka lile neno mpaka afe. Mtu aliyekataliwa hulia, mwanangu, kisha anaosha uso na kula. Tuma."

"Ukishatumwa haufutiki."

"Tuma kabla sijageuka."

Mashine ya ofisi ikauliza jina la mtumaji, Raya akaliandika. Ikauliza mtumaji ni nani kwa msafiri. Raya akainua macho, vidole juu ya vibonye, akingoja. Midomo ya Atuganile ilikuwa imeshafumba kwa herufi ya kwanza ya mke.

"Andika mtalaka," alisema.

Kisha akaketi kwenye benchi la wateja, akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti kama wanavyolia msibani kwao Tukuyu, na hakuna mtu ofisini aliyemwambia anyamaze.