Bibi Hakuvaa Katani

Asubuhi za Kasense mwezi wa saba zina baridi ya kukata masikio. Coleta aliamka kama kawaida, akazoa majivu jikoni, akawasha moto, akateleka sufuria ya uji wa ulezi. Bibi yake, Kristiana, alikuwa ameshakaa karibu na mafiga akiota moto. Baba yake, Oswaldi, alikuwa nje ananoa jembe na kulalamika. Kulalamika ndiko kulikokuwa kifungua kinywa chake.

Leo alilalamikia barabara. Jana alilalamikia mbolea iliyofika wakati mahindi yameshatoa mbelewele. Tangu mama yake Coleta afariki akisubiri gari la wagonjwa, nalo lilikuwa limewapeleka wakubwa mkutanoni, Oswaldi hakumwamini tena mtu yeyote anayeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi.

Coleta alikoroga uji huku midomo ikimchezacheza. Alikuwa anarudia maneno yake ya tamasha. Tamasha la Mila na Mavuno lilikuwa linakaribia kufanyika mjini Sumbawanga, na shule yao ilichaguliwa kuonyesha ngoma ya Wafipa. Yeye, mwanafunzi wa darasa la sita mwenye sauti isiyotetemeka, ndiye angeshika kipaza sauti na kuwaeleza wageni. Kikundi kitakachowapendeza wageni kitapelekwa Dodoma kuonyesha ngoma yake. Coleta hakuwahi kufika mbali kuliko Laela. Dodoma alikuwa anaiota hata akiwa macho.

"Bibi, leo mnakuja kweli na chungu?" aliuliza.

"Tunakuja. Mwalimu Suma katuita. Mimi na bibi yake rafiki yako Edith, na wenzetu wa jumuiya."

Akina bibi wa Kasense walikuwa wanacheza nsimba. Ngoma hiyo haina ngozi ya kupigwa. Kigoda kinasuguliwa juu ya chungu kikubwa mpaka chungu kinaunguruma, na muungurumo ule unaingia kwa nyayo kabla ya masikio. Harusi ya Kasense bila nsimba watu huiita kikao.

Mchana akina bibi walifika shuleni na chungu chao, wamejifunga khanga safi. Walimkuta Bwana Eustaki ameshafika. Eustaki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Alizaliwa kijiji cha Kate, Mfipa kwa baba na kwa mama, lakini tangu ahamie mjini alikuwa anaongea kama mtu aliyezaliwa juu ya kiti cha kuzunguka. Mbele yake kulikuwa na magunia, na wanafunzi walikuwa wanayafungua kwa vicheko. Ndani yake mlikuwa na sketi za katani, vitambaa vya madoa kama ya chui, mikuki ya mbao, na kopo la masizi ya kupaka usoni.

"Bwana Eustaki," alisema Mwalimu Suma, "akina mama wamekuja na nsimba."

Eustaki alikitazama chungu. "Hiki? Mwalimu, hiki si cha kupikia pombe? Wageni wanataka ngoma! Nimeshakodi ngoma kubwa na wapigaji wake. Mama zangu, asanteni sana, siku ya tamasha mtakaa na watazamaji."

"Mwanangu Eustaki," alisema Bibi Kristiana kwa upole, "harusi ya mama yako nilisugua mimi. Mama yako alicheza mpaka kilemba kikaanguka."

Wanafunzi wakacheka. Eustaki hakucheka.

"Mambo yanabadilika, mama."

"Sawa, yanabadilika. Na hii katani? Nani kwetu aliivaa?"

"Wale wa zamani. Wa zamani kabisa." Eustaki akamgeukia Coleta. "Hebu mtangazaji wetu atuambie. Sema yale maneno."

Coleta alisogea mbele. Maneno aliyafundishwa na Eustaki mwenyewe, na aliyajua kama Baba Yetu. "Wageni waheshimiwa, hivi ndivyo walivyoishi bibi na babu zetu. Hawakujua nguo. Walivaa majani na ngozi, wakashika mikuki, wakacheza kuuzunguka moto."

"Si ndivyo, Coleta?" aliuliza Eustaki, akitabasamu.

Coleta alimtazama bibi yake. Akalifikiria basi la Dodoma, kiti cha dirishani.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema.

Bibi Kristiana aliinama, akakinyanyua chungu chake, na wenzake wakamfuata. Mwalimu Suma alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jioni ile habari ilikuwa imeshamfikia Oswaldi. Aliingia jikoni hata jembe hajaliweka chini.

"Katani!" alifoka. "Mkonge! Mkonge uliletwa na Wajerumani, wakaupanda huko Tanga. Sasa lini babu yangu wa hapa Ufipa aliuvaa? Alipanda treni kwenda kuufuata?"

"Baba, ni maonyesho tu," alisema Coleta.

"Maonyesho ya nani? Wazee wetu wamefua chuma, matanuru yao yapo Nkasi mpaka leo. Walifuma nguo za pamba. Leo anakuja mtu na tumbo lake anatuvua nguo mbele ya wageni, na sisi tupige makofi! Dawa hawatuletei, mbolea hawatuletei, wametuletea masizi ya kujipaka!"

"Oswaldi, mtoto anakula," alisema Bibi Kristiana.

"Ale. Lakini ajue anakula kwa nani."

Coleta alimgeukia bibi. "Bibi, kweli walifuma?"

"Babu yangu alikuwa mfumaji. Pamba ilitoka bonde la Rukwa. Nilikuwa mdogo, lakini nguo yake nimeishika kwa mikono hii. Nzito, haipitishi baridi." Bibi alikwangua ukoko wa ugali, akamwekea Coleta kwenye sahani kama siku zote. "Ulikuwa hujui, mjukuu wangu. Hilo si kosa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Angemkaripia ingekuwa afadhali. Coleta alishindwa kula ukoko. Hata hivyo Dodoma haikumtoka kichwani. Akajiambia kwamba maneno ni maneno tu, yakishasemwa yanaisha.

Jumamosi vikundi vyote vilikutana kwenye uwanja mmoja Katandala, mjini Sumbawanga, kwa mazoezi ya pamoja. Coleta na wenzake walivaa sketi za katani juu ya kaptula, wakapakwa masizi. Katani ilikuwa inawasha mapajani kama upupu. Ngoma za kukodi zikalia, wanafunzi wakarukaruka na mikuki wasijue wanamrukia nani, na Coleta akayasema maneno yote bila kukosea. Eustaki alipiga makofi kwa nguvu. "Dodoma hiyo! Naiona!"

Furaha ya Coleta ilidumu mpaka bombani, walikokwenda kunawa. Watoto wa mtaani walikuwa wanawasubiri.

"Oya, mambo vipi, watu wa pangoni?"

"Mshikaji, mpishe, asije akakurushia mkuki!"

"Kumbe Wafipa wa vijijini nguo mmeanza kuvaa juzi! Kandambili je, mmeshazijua?"

Aliyesema hayo alikuwa mvulana mmoja aitwaye Mathias. Coleta alimfahamu. Bibi yake Mathias alikuwa anaishi Kasense, nyumba ya nne kutoka kwao.

"Wewe Mathias, wewe mwenyewe Mfipa!" alisema Edith kwa hasira.

"Mimi wa mjini. Nyinyi ndio wa katani."

"Ni uongo!" Coleta alipiga kelele, masizi yanamchuruzika shingoni. "Bibi zetu hawakuvaa hivi! Walikuwa na nguo, walifuma wenyewe!"

Mathias alishangaa kweli. Hakuwa anatania tena. "Sasa mbona wewe ndiye umesema kwenye maiki? Sote tumekusikia."

Coleta aliacha kunawa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba maneno hayakuwa yameisha. Yalikuwa yameshaingia mtaani yanatembea, na yalikuwa na sauti yake. Kesho na keshokutwa yangerudi Kasense na kumkuta bibi yake mlangoni.

Njia nzima ya kurudi alilia bila kutoa sauti. Walipofika, hakuingia ndani. Alimfuata bibi aliyekuwa anapeta ulezi uani, akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, nisamehe. Nimesema uongo juu yako, na nilijua kwamba wewe upo na ningeweza kukuuliza. Niliitaka Dodoma."

Bibi Kristiana aliuweka ungo chini. "Mimi nimeshakusamehe tangu siku ile. Lakini mimi ni mmoja. Waliokusikia ni wengi. Hao utawafanyaje?"

Jumatatu Coleta alikwenda kwa Mwalimu Suma na kumwambia kwamba maneno yale hatayasema tena. Bahati mbaya, au bahati njema, Eustaki naye alikuwa ofisini kakunja nne.

"Hutaki?" alisema Eustaki. "Haina shida. Edith atasema."

Edith, aliyekuwa amesimama mlangoni akimsubiri rafiki yake, alitikisa kichwa. Tangu mwanzo alikuwa anaitamani nafasi ile, shule nzima ilijua. "Mimi pia nina bibi," alisema.

Eustaki akasimama. "Mwalimu, watoto hawa wanakutawala? Mimi ninatafuta kuitangaza Ufipa, nyinyi mnaniletea ubishi! Wageni hawawezi kusafiri mpaka huku kuja kuangalia wazee wanasugua chungu. Hii si biashara ya kitoto. Bila mavazi, jina la shule nalikata. Dodoma msahau."

Mwalimu Suma alikuwa mgeni Ufipa, Mnyakyusa aliyepangiwa kazi kutoka Mbeya, na watu walizoea kumwona akiitikia kila anachoambiwa na wakubwa. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana Eustaki," alisema, "mimi si wa hapa. Siku ya kwanza nilipofika Kasense nikiwa na homa, aliyenipikia uji ni bibi wa mtoto huyu. Alikuwa amevaa nguo. Nilinyamaza siku ile mama huyo alipokuja na chungu, na ninaona aibu mpaka leo. Wanafunzi wangu watakuja na sare zao za shule na bibi zao na chungu chao. Ukitaka kutukata, tukate pale pale jukwaani, watu wakiona."

Eustaki aliondoka bila kuaga, akiyaburuta magunia yake.

Siku ya tamasha wageni walikaa chini ya turubai kwenye viti vyenye mito, maji ya chupa mbele yao. Wananchi, wenye mila zenyewe, walisimamishwa juani nyuma ya kamba. Oswaldi alikuwa miongoni mwao, na alilisema jambo hilo kwa sauti ya kutosha mpaka askari mgambo akamwomba apunguze.

Eustaki hakuthubutu kuwakata mbele ya umati ule. Aliwaweka wa mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaanza kutazama saa. Ngoma za kukodi zilikuwa zimeondoka. Bibi Kristiana na wenzake wakaketi chini kwenye vumbi, wakakiweka chungu katikati.

Coleta alishika kipaza sauti. Safari hii sauti yake ilitetemeka.

"Wageni waheshimiwa, shikamooni. Jumamosi iliyopita nilisema pale Katandala kwamba bibi zetu hawakujua nguo. Nilisema uongo. Nilikuwa nataka kupelekwa Dodoma. Wafipa walifuma nguo za pamba, na babu wa bibi yangu alikuwa mfumaji. Bibi yangu ni huyu hapa. Anaitwa Kristiana, na hii ni nsimba yake. Kama kuna anayetaka kujua habari zetu, amuulize yeye."

Kule nyuma ya kamba mtu mmoja alipiga kigelegele. Kisha chungu kikaunguruma.

Hakikuwa na makelele kama ngoma za kukodi. Kiliunguruma kwa chini, kama radi iliyo upande wa pili wa mlima, na akina bibi wakaitikia kwa Kifipa. Nyuma ya kamba watu wakaitikia pia, kwanza wazee, kisha hata vijana wa bodaboda waliokuwa wameegemea pikipiki zao. Kamba ikalegea, na mgambo hakuikaza. Mathias alikuwa pale mbele, anacheza na bibi yake mzaa mama, na wimbo wote aliujua.

Wageni wachache walisimama kuangalia vizuri. Wengine waliendelea kunywa maji yao. Mwisho wa siku Eustaki alitangaza kikundi cha kwenda Dodoma, na hakikuwa cha Kasense. Kilikuwa cha watoto wa shule nyingine, wamevaa katani.

Njiani kurudi nyumbani Oswaldi aliwaka kama moto wa nyasi. "Mnaona? Ukweli umesemwa na zawadi wamepewa katani! Nitaandika barua. Nitakwenda kwa mkubwa wao, na kwa mkubwa wa mkubwa wao!"

"Nenda, baba," alisema Coleta. "Mimi nitakuandikia."

Oswaldi akasimama katikati ya njia, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukubaliana naye.

Edith alimkamata Coleta mkono. "Unaumia? Dodoma?"

"Naumia," alisema Coleta. Hakutaka kudanganya tena hata kidogo.

Bibi Kristiana, aliyekuwa anatembea nyuma na chungu kichwani, aliwaita wote wawili. "Njooni hapa, wajukuu zangu. Sikilizeni. Watu wenye vyeo watasema juu yenu wanavyotaka, leo na kesho, na hamtaweza kuwafunga midomo wote. Hilo kosa ni lao, wataulizwa wao. Lakini wanapokuja kutuzulia habari, huwa wanatafuta mmoja wetu wa kuitikia ndiyo. Wasipompata, uongo wao unabaki wa kwao peke yao. Msikubali kuwa huyo mmoja, hata kama mnapewa safari, hata kama mnapewa kiti cha mbele. Na mkiwa hamjui mlikotoka, msione haya. Ulizeni tungali hai."

"Tumekusikia, bibi," walisema.

"Haya, anzeni kuuliza sasa. Njia bado ndefu na mimi kuongea sichoki."

Coleta akafikiri kidogo. "Bibi, harusi ya mama yake Eustaki, kilemba kilianguka kweli?"

"Kilianguka," alisema Bibi Kristiana, "na hakurudi kukiokota. Sasa nitawaambia ilikuwaje."