Leseni Iliyobaki kwa Mama

Kila Jumapili baada ya misa, mama Verediana aliwapikia wanawe wawili wali na kambale. Nyumba yake ilikuwa Ifakara, upande wa njia ya Kivukoni. Beatus, mwanawe mkubwa, alikuwa dereva wa lori la mpunga. Viktor, mdogo wake, aliendesha gari la mradi wa visima vya maji.

Kambale ana kichwa kimoja tu. Kila Jumapili Beatus alikiangalia kile kichwa kinaingia sahani ya nani. Mara nyingi kilikwenda kwa Viktor.

"Mwenzako anashinda porini wiki nzima, anakula mihogo mikavu," mama alisema. "Wewe una Levina wa kukupikia."

Beatus alicheka, lakini moyoni ilimchoma. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili anaona wivu kwa kichwa cha samaki! Hakumwambia mtu, hata mkewe Levina.

Jumapili moja, mwaka 1996, Viktor alisoma barua mezani. Ilitoka kwa dada yao, Sista Febronia, aliyekuwa mtawa Zambia.

"Mama, mwezi ujao naweka nadhiri zangu za daima," Febronia aliandika. "Natamani nikuone umekaa kiti cha mbele kanisani. Treni itawafikisha Kasama. Kutoka pale misheni yetu ni mbali, na basi halifiki. Gari letu ni bovu. Lakini mjini kuna ofisi ya kukodisha magari. Nimewaomba wakuwekee moja. Njoo na dereva wa nyumbani."

Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga. Miaka sita hakuwa amemwona binti yake. Pasipoti zilikuwa tayari, za wote watatu, maana safari hii waliipanga tangu mwaka uliopita. Ila nauli ilitosha watu wawili tu.

"Nani atamwendesha mama?" Levina aliuliza.

"Beatus," mama alijibu. "Ndiye mkubwa. Matope ya Malinyi ameyapita miaka kumi na sita."

"Ni kweli," Viktor alisema. "Kaka ndiye fundi."

Siku hiyo Beatus alisahau hata kuangalia kichwa cha kambale kimekwenda wapi.

Kesho yake Levina alisema, "Tukamuulize mama Nelly kwanza. Yeye anajua mambo ya magari ya kukodi."

Mama Nelly ni Dorika, jirani yao Msukuma. Yeye na mumewe Seni walihamia bonde la Kilombero na ng'ombe wao. Kabla ya hapo, Dorika alifanya kazi miaka minane Dar es Salaam, katika ofisi ya kukodisha magari kwa wageni. Mama, Beatus na Levina walimkuta anakamua.

"Shikamoo mama," Dorika alisalimu.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, leo Wandamba mmemkumbuka Msukuma! Mmefuata maziwa au maneno?"

"Vyote viwili," Beatus alisema. "Ila maziwa usitie maji."

Dorika alicheka. Waliposimulia habari za safari, alinyoosha mkono.

"Nipe leseni yako niione."

"Mama Nelly, bonde hili lote uso wangu ndio leseni," Beatus alijibu. "Trafiki wa Kivukoni akiniona ananipungia mkono tu."

"Na trafiki wa Kasama, naye anakujua?"

Beatus alimgeukia mkewe. Levina alitoa leseni kwenye mkoba. Miaka yote alikuwa anaitunza ndani ya kopo la vifungo. Dorika aliifungua, akasoma, akaifunga taratibu.

"Shemeji, leseni hii ilikwisha muda wake mwaka tisini na moja."

"Lakini kuendesha sijasahau!"

"Hakuna anayesema umesahau. Lakini mwenye gari hakujui. Anampa mgeni gari lake, mgeni anapotea nalo porini. Atamwamini kwa kitu gani? Kwa karatasi. Sisi Dar tuliwadai wageni hivyo hivyo, hata awe bwana mkubwa gani."

"Wanataka karatasi zipi?" mama aliuliza.

"Pasipoti. Leseni ya nyumbani ambayo haijaisha muda, yenyewe halisi, siyo kivuli chake. Jina la kwenye leseni lilingane na la kwenye pasipoti. Ofisi nyingi hutaka uwe umekaa na leseni angalau mwaka mzima, na wengine hawampi gari kijana mdogo sana. Halafu wengi hutaka kibali cha kimataifa cha kuendesha gari. Kile ni kijitabu kinachoeleza leseni yako kwa lugha nyingi, ili mtu wa nchi nyingine aielewe."

"Tutakichukua hukohuko Zambia," Beatus alisema.

"Hapana. Kinatolewa nchini kwako, kabla hujaondoka. Na hakitolewi kwa leseni iliyokufa. Tena kila nchi na kila ofisi ina masharti yake. Febronia aulize ofisi ile inataka nini hasa."

Mama alihesabu siku kwa vidole. Zilibaki wiki tatu kabla ya safari.

"Viktor leseni yake ni nzima," alisema kwa upole. "Na wiki hii mradi unamtuma Dar. Basi aende Viktor."

Beatus alisimama. Alihisi kama ameng'olewa kwenye usukani huku lori linatembea. Alipofika langoni, Dorika alimwita.

"Shemeji, mwambie Viktor neno moja. Kibali peke yake hakifai kitu. Kinatembea pamoja na leseni. Akisahau kimoja, gari hapati."

"Nitamwambia," Beatus alisema.

Hakumwambia.

Febronia alipigiwa simu kutoka parokiani. Alisema ofisi ile inataka pasipoti, leseni na kibali. Viktor alirudi kutoka Dar na kibali kipya, chenye picha yake na kurasa nyingi. Mama alikipitisha kwa majirani kama picha ya harusi.

"Hiki kikubwa kimemeza kile kidogo," Viktor alisema. "Leseni naiacha hapa kwako mama, isije ikapotea njiani."

Aliiweka juu ya kabati. Beatus alikuwa amekaa palepale. Maneno ya Dorika yalimfika kooni, akayameza. "Anajifanya msomi," aliwaza. "Aende akaumbuke."

Siku ya safari, gari la mradi liliwapeleka mama na Viktor stesheni. Beatus hakwenda kuwasindikiza. Alisema lori lina hitilafu. Lori lilikuwa zima.

"Mama amekuachia ufunguo," Levina alimwambia. "Anasema ukafungie kuku wake."

Beatus alikwenda. Mezani alikuta sahani imefunikwa kwa bakuli. Alifunua. Kichwa cha kambale, kizima, kikubwa, na wali pembeni. Mama aliamka mapema kumpikia, siku ambayo alikuwa na mizigo yake mwenyewe ya kufunga.

Beatus alikaa akikitazama. Halafu aliinua macho juu ya kabati. Leseni ya Viktor ilikuwa palepale.

Akamwona mama yake amesimama Kasama, miguu imevimba, mkoba wa zawadi kichwani. Akaiona ofisi inawakatalia gari. Akakiona kiti cha mbele kanisani, kitupu.

Hakula. Alichukua leseni, akadandia baiskeli, akaikanyaga mpaka shati likaganda mgongoni.

Treni ilikuwa imeshasimama. Viktor alikuwa anampandisha mama kwenye behewa.

"Viktor! Leseni!"

"Ya nini, kaka? Si nina kibali?"

"Vinakwenda pamoja. Bila hii hupati gari." Beatus alihema. "Mama Nelly alinituma nikwambie wiki tatu zilizopita. Nilikaa kimya makusudi."

"Kwa nini?"

"Wivu, mdogo wangu. Niliona wivu."

Viktor aliitazama leseni mkononi. "Siku mama alipokuchagua, nilisema kaka ndiye fundi," alisema. "Lakini nami iliniuma. Usiku sikulala."

Filimbi ililia. Mama alichungulia dirishani. "Beatus, umekula?"

"Bado, mama."

"Kitapoa!"

Kweli, aliporudi kile kichwa kilikuwa kimepoa. Beatus alikila chote, mpaka mfupa wa mwisho, na hakikumkwama.

Wiki mbili baadaye mama alirudi na picha. Yuko kiti cha mbele, Febronia amemshika mkono. "Yule bwana wa ofisi aliziweka karatasi zote tatu mezani," alisimulia. "Pasipoti, kibali, leseni. Akasoma moja moja. Ndipo akatoa ufunguo. Nikasema moyoni, asante Beatus na baiskeli yako."

Mwezi ule ule Beatus alikwenda kuomba leseni yake ifufuliwe. Alipimwa macho, akafanyiwa majaribio ya barabarani kama kijana, akapewa. Hakuirudisha kwenye kopo la vifungo. Aliiweka mfuko wa shati.

Siku ya kwanza alifika Kivukoni na lori la mpunga. Trafiki alimwona, akampungia mkono apite.

Beatus alisimamisha lori.

"Vipi, Beatus? Limeharibika?"

"Niulize leseni."

"Mimi nakujua wewe!"

"Najua unanijua. Niulize hivyo hivyo."

Trafiki alicheka, akanyoosha mkono. "Haya, dereva. Leseni?"

Beatus aliitoa, akampa.