Mume Wangu Alitaka Nguruwe Mzima Kwenye Arusi Yetu

"Aksanti sana, mutoto yangu. Mungu akulipe. Na weye siku moja atakupatia bwana yako ya kweli."

Ndugu zangu, maneno hayo niliambiwa nikiwa na gauni jeupe, pete kidoleni, ndani ya ukumbi wa arusi yangu mwenyewe!

Aliyeyasema ni maman Lucienne, shangazi wa mume wangu. Alikuwa amenikumbatia, machozi yanamtoka...

Mimi nikacheka. Nilidhani ulimi umeteleza.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikisema nguruwe ndiye aliyeniponza mtadhani nimechanganyikiwa.

Naitwa Abigaël. Natunza wazee hapa Brussels, kule Woluwe. Nina miaka thelathini na nane, na mama yangu alishaacha kuniuliza habari za mume. Ndipo akatokea Éliézer, mtu wa Bukavu, mpole, anapiga gitaa. Jamani, nilipenda! Nilipenda mpaka nikajionea aibu.

Makaratasi yake ya kukaa Ubelgiji yalikuwa yanamsumbua, nilijua. Lakini huku nani hajasumbuliwa na makaratasi?

Tukafika kwenye chakula cha arusi. Nikataja pondu, yaani kisamvu, samaki, kuku, kama watu wote.

"Hapana," akasema. "Cochon à la broche. Nguruwe muzima, na kichwa yake, pale katikati ya salle ya arusi."

"Chéri, batu ya kwenu si ni Wasabato? Hawagusi nguruwe!"

"Bon, babakie kwabo, basikuje."

"Tuwawekee hata kuku pembeni..."

"Abi! Nguruwe, ao hakuna arusi!"

Mwenzenu nikayeyuka. Nikaona huyu mwanaume ananichagua mimi mbele ya ukoo wake wote. Nikashukuru Mungu kwa magoti!

Tukaenda Auderghem kuonja, kwa mzee mmoja Mbelgiji anayezungusha nguruwe juu ya mkaa. Ile ngozi ilikuwa inavunjika mdomoni, tamu! Nikasema badala ya kulishana keki, tutalishana hii. Éliézer akakubali haraka. Ila kila kipande alichopewa alikisogeza kwenye sahani yangu.

"Kula weye, chérie. Miye nafurahi kukuangalia."

Nikayaita mapenzi. Ovyo kabisa mimi!

Siku ikafika. Asubuhi tukatia saini ya ndoa commune, ofisi ya serikali ya mtaa. Jioni ukumbini upande wangu umejaa, upande wake viti vitupu. Nguruwe yuko katikati, anang'aa mafuta.

Ndipo maman Lucienne akaingia peke yake, kitambaa puani, akanikumbatia na kuniombea bwana wa kweli.

"Tante," nikamwambia nikicheka, "bwana yangu si ule pale?"

Akashusha sauti. "Najua, mutoto yangu, hapa kuko batu, batasikia. Lakini sisi famille tunajua hii arusi ni ya makaratasi tu. Éliézer alituambia vile ulikubali kumusaidia. Njo maana nilisema, hata kama kuko nguruwe, lazima nifike nikushukuru."

"Makaratasi?"

"Na Claudine pia anataka kukushukuru. Ngoja."

Akatoa simu. Kwenye kioo akatokea mwanamke, yuko Bukavu, mtoto kwenye mapaja.

"Dada Abigaël! Uko muzuri, kweli! Aksanti kwa kutusaidia. Mutoto anauliza kila siku papa yake atatuita lini."

"We ni nani kwa Éliézer?"

Akashangaa. "Bibi yake. Hakukuambia?"

Tante akaongeza kwamba walioana kimila kule Bukavu. Mahari yalitolewa, ukoo wote ukala. Commune ya Brussels itayaonea wapi hayo?

"Tante... mbona wengine hawakuja?"

"Si weye ulikatala batu ya kwetu? Éliézer alisema njo weye ulilazimisha nguruwe, juu tusifike. Yeye mwenyewe tangu azaliwe hajagusa hiyo nyama!"

Hapo!!

Nikageuka nikamtazama yule nguruwe. Hakuletwa aliwe. Aliwekwa kama mbwa wa mlangoni, wanaojua ukweli wasiingie.

"Les mariés, bwana na bibi arusi!" MC akapaza sauti. "Balishane!"

Watu wakasimama na simu zao. Yule mzee Mbelgiji akatukatia kipande. Éliézer akaja, tabasamu hadi masikioni.

"Claudine anakusalimia," nikamnong'oneza.

Tabasamu likakauka. Nikamnyooshea nyama mdomoni. Shangazi yake alikuwa hatua chache tu, anatazama.

Niwaambie ukweli, bado nilikuwa na tumaini. Nikajiambia, akikataa, basi kuna kitu anakiogopa zaidi ya makaratasi. Mtu wa hivyo naweza kuzungumza naye.

"Kula," nikamwambia.

Akanitazama. Akamtazama shangazi yake... akafungua mdomo.

Alikula! Akatafuna, akameza, akageukia kamera akatabasamu.

Ukumbi mzima makofi! Maman Lucienne akafunika uso kwa kile kitambaa, akatoka. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Nimeuliza jinsi ya kuifuta ndoa hii, ihesabiwe kama haikuwahi kuwepo. Mahakama inataka mtu wa kuthibitisha kwamba nilidanganywa. Ninaye huyo shangazi tu, na hawezi kumshtaki mtoto wa kaka yake. Claudine naye atasema nini, wakati mtoto wake anasubiri kuitwa?

Dada zangu, mkipanga chakula cha arusi msiulize tu nani atakula nini. Ulizeni chakula hicho kitamzuia nani kuingia, na ni nani anayetaka azuiwe.

Naandika haya nikiwa jikoni. Yeye yuko sebuleni anaongea na Claudine, hajifichi tena.

Nyama iliyobaki bado iko kwenye friza. Jana alijipakulia mwenyewe.