Ukurasa wa Tatu wa Fomu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tereza alikuwa na kazi tatu. Alichota ndoo mbili za maji kwenye bomba la jirani, akawasha jiko la mkaa, kisha akafuta meza nne za mgahawa wa mama yake. Mgahawa wenyewe ulikuwa banda la mabati huko Kirumba, mjini Mwanza, nyuma ya jabali lililozidi nyumba kwa ukubwa. Mtu aliyepita barabarani hakuuona. Ilimbidi azunguke jabali ndipo akute moshi, harufu ya chapati na Mama Tereza amejifunga kanga kiunoni. Wauza samaki wa soko la Mwaloni walipajua mahali hapo. Wengine hawakupajua, na jambo hilo lilimsumbua sana mama.

Baba alikuwa amekwisha fariki. Mgahawa huo ndio uliowalisha Tereza na mdogo wake Maige, mtoto wa miaka mitatu aliyekohoa kila msimu wa upepo. Kodi ya banda ilikuwa shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na mwenye banda hakuwa mtu wa kubembelezwa. Dada mmoja aliyesuka nywele banda la pili alichelewesha kodi mwezi mmoja tu, akakuta viti vyake nje na kufuli jipya mlangoni. Mama alilitazama kufuli lile kila alipopita.

Ilikuwapo kazi ya nne, na hiyo Tereza aliipenda. Mama alisoma Kiswahili vizuri, lakini Kiingereza hakukijua hata kidogo, na siku hizo karatasi za Kiingereza zilikuwa zimezagaa kila mahali. Chupa za dawa, makopo ya maziwa, barua za leseni, vyote vilimngoja Tereza. Alikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa Kiingereza, na akisoma kwa sauti wateja waliacha kutafuna wakamsikiliza. Niseme ukweli, msichana huyu alipenda kusifiwa kuliko alivyopenda sukari.

Mwezi wa tano mwaka 1998, mama alitumia akiba ya miaka miwili kununua televisheni ya mtumba kwa shilingi elfu tisini. Kombe la Dunia lilikuwa linakaribia, naye alitaka watu waje kutazama mpira huku wakinywa chai. Lakini jabali lile lilizuia mawimbi. Antena iligeuzwa huku na huku, ikaleta chenga tupu.

Ndipo akaja Nathaniel. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya pale mjini iliyosambaza televisheni kwa waya. Alivaa tai, akashika mkoba mweusi, na salamu zake zilikuwa tamu.

"Shikamoo mama. Hizo chenga utazisahau," alisema. "Kufungiwa ni elfu ishirini, na kila mwezi elfu nane. Basi."

"Hakuna kingine?" mama aliuliza.

"Yote yameandikwa humu." Akatoa fomu ya kurasa nne, yote kwa Kiingereza.

Mama akajipangusa unga mikononi. "Tereza, njoo usome."

Tereza alisimama katikati ya meza. Ukurasa wa kwanza aliusoma na kuueleza vizuri: jina la mteja, mahali anapokaa, bei ya kufungiwa. Wa pili nao aliumudu. Muuza samaki mmoja akapiga meza kwa furaha, akasema mtoto huyu atakuwa hakimu. Kisha akafungua wa tatu. Herufi zilikuwa ndogo kama dagaa, na katika kila mstari mlikuwa na maneno asiyoyajua. Aliyoyajua ni machache: mteja, kulipa, kila mita. Akanyamaza.

"Binti anasoma kama mwalimu," alisema Nathaniel upesi. "Huko nyuma ni sheria tu, zinajirudia."

"Wanasemaje hapo, mwanangu?" mama aliuliza.

Wateja wote walikuwa wakimtazama. Tereza alitakiwa kusema "sijui." Aliona aibu, na aibu hiyo ilimshinda nguvu.

"Yanajirudia, mama. Ni hayo hayo."

Mama akatia sahihi.

Baada ya siku tatu alikuja fundi, kijana aliyeitwa Chenge, na bunda la waya begani. Alilitazama jabali, akakuna kichwa. Alisema waya hauwezi kupita juu yake, kwa kuwa watoto huchezea pale na jua lingeuchoma. Ilibidi asimamishe nguzo pembeni, kisha auzungushe waya.

"Zungusha tu, baba, usijali," mama alimwambia, akampa chai na chapati mbili.

Tereza alikaa mlangoni akitazama bunda likifunguka. Kila Chenge alipopiga hatua, yale maneno "kila mita" yalimrudia. Bado angeweza kusema. Mama alikuwa akiimba siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba wa baba, na Tereza hakutaka kuukatisha wimbo wake.

Mpira ulipoanza, mgahawa ulijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Mama aliajiri msichana wa kuosha vyombo. Furaha hiyo ilidumu wiki tatu. Kisha ikaja bili, nayo ilikuwa na mistari ambayo mama hakuitarajia. Waya uliozidi ulikuwa mita tisini, kila mita shilingi mia tano. Nguzo, elfu kumi na tano. Matunzo ya waya, elfu mbili kila mwezi. Jumla ilikuwa shilingi elfu sitini na mbili, mbali na ile elfu nane, zilipwe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo mali ya mgahawa ingechukuliwa.

Mama aliketi. Fedha iliyokuwa kwenye kopo haikufika elfu ishirini, na humo ndimo mlimokuwa na kodi ya banda.

"Tereza, ile fomu ulinisomea yote?"

"Nilisoma yote, mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Kesho yake Jumamosi walikwenda ofisini. Mama alivaa gauni la kanisani. Mkuu wa ofisi, mtu mzima mwenye miwani, alikuwa mezani, na Nathaniel alikuwa amesimama karibu yake. Watu sita walingoja kwenye benchi.

"Kijana huyu ameongeza maneno kwenye fomu yangu," mama alisema. Hakuishusha sauti yake. "Mtoto wangu aliisoma yote mbele ya watu. Hakuna mahali palipotaja mita wala nguzo. Mtoto wangu hasemi uongo."

Mkuu wa ofisi alifungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole. "Mama, imeandikwa hapa, na sahihi yako iko nyuma. Unamwita kijana wangu mwizi mbele za watu?"

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Tereza alimwona mama akikunja pindo la gauni lake mkononi. Hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mama, huo ukurasa sikuusoma," alisema. "Sikuuelewa. Niliona neno la kulipa na neno la mita, nikanyamaza."

Mama hakumpiga, wala hakumgombeza. Aliomba radhi kwa Nathaniel, akamshika Tereza mkono, wakatoka.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Msichana wa kuosha vyombo aliambiwa asirudi. Jumatatu Maige alizidiwa na kifua, mama akapewa zahanati chupa ya dawa yenye maelezo ya Kiingereza. Tereza alinyoosha mkono aipokee, kama siku zote. Mama aliishika chupa kifuani, akavuka uchochoro, akaipeleka kwa katekista wa kanisa lao, aliyekijua Kiingereza, akasomewe. Tereza alibaki na mkono wake mtupu. Alilia nyuma ya jabali mpaka kola ya sare ikalowa.

Jumatano alitumwa apitie mjini akitoka shule, anunue majani ya chai kwenye duka la Gangaben, mjane wa Kihindi ambaye mama alikuwa mteja wake kwa miaka mingi. Gangaben alimtazama usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako hajambo? Mbona macho yamevimba?"

Tereza alimweleza kila kitu, bila kujipunguzia kosa. Gangaben alisikiliza huku akipima majani.

"Mimi pia sijui Kiingereza," alisema. "Nasoma Kigujarati tu. Mjukuu wangu Riddhi ndiye ananisomea. Huyo kijana wa tai alikuja hapa pia. Riddhi alifika katikati akasema, 'Bibi, hapa sielewi.' Nikamwambia kijana aache fomu, arudi kesho. Hakurudi. Wewe fomu yako iko wapi?"

Nakala ya fomu aliyoachiwa mama ilikuwa kwenye mfuko wa shule wa Tereza. Alikuwa akitembea nayo tangu Jumamosi, bila kujua kwa nini. Riddhi, msichana wa rika lake, alileta kamusi nene iliyochakaa jalada, wakaketi juu ya magunia ya sukari. Safari hii hawakuruka neno hata moja. Ukurasa wa tatu peke yake uliwachukua zaidi ya saa moja. Mita zilikuwamo. Nguzo ilikuwamo. Lakini karibu na mwisho, chini kabisa, walikuta mstari mwingine. Wakaufasiri mara tatu kuhakikisha: kabla waya haujavutwa, mteja ataonyeshwa kipimo chake na kutia sahihi karatasi ya kipimo.

Tereza alirudi mbio. Mama alikuwa akikaanga samaki.

"Mama, Chenge alikuletea karatasi ya kutia sahihi kabla hajavuta waya?"

"Hakuleta kitu. Kwa nini?"

Alimsomea mstari ule, kisha akaongeza mara moja, "Usiniamini mimi. Mpelekee katekista naye ausome."

Mama alijifuta mafuta mikononi. Akaepua karai, akaenda kwa katekista kweli. Aliporudi alisema tu, "Kesho hutakwenda shule asubuhi. Tutakwenda ofisini kwanza."

Mkuu wa ofisi aliusoma mstari huo, akavua miwani, akamwita Chenge. "Ulimpimia huyu mama? Karatasi ya kipimo iko wapi?"

Chenge alitazama sakafu. "Sikupima, mzee. Nathaniel alisema nivute tu, eti mama huyu akijua bei hatakubali."

Nathaniel alianza kujieleza, mkuu wake akamnyamazisha kwa kiganja. Alichukua kalamu, akakata mstari wa mita tisini. Nguzo na matunzo ya mwezi mmoja havikuguswa, kwa kuwa vilikuwa kwenye fomu na fomu ilikuwa na sahihi. Mama alisema hautaki tena waya huo. Elfu ishirini za kufungiwa hazikurudishwa.

Televisheni iliuzwa Ijumaa, siku mbili kabla ya fainali, kwa shilingi elfu hamsini. Deni la kampuni likalipwa, kodi ya banda ikalipwa, na kilichobaki kikanunua unga wa ngano. Waliokuja kwa ajili ya mpira walihamia kwingine, wala hawakuaga. Chenge alikuja kukunja waya. Alipogusa nguzo, mama akamzuia.

"Nguzo iache. Hiyo nimeinunua."

Jioni hiyo alifunga kamba kutoka kwenye nguzo hadi kwenye banda, akaanika nguo za Maige. Kisha akamwita Tereza wakae kwenye benchi tupu.

"Nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo," alisema. "Nilisimama mbele ya watu nikakutetea, nawe unajua umenidanganya. Siku ile ndiyo iliyoniuma, kuliko hata fedha. Sasa nisikilize. Wewe ni mtoto wa darasa la sita, na fomu ile iliandikwa na watu wazima waliotaka isieleweke. Kutojua maneno yao hakukuwa kosa. Ungesema 'sijui,' ningemtafuta mtu wa kunisomea, na neno hilo lisingenigharimu hata senti moja. Uliponificha, tukapoteza televisheni. Mtu anayekusomea ni macho yako, Tereza. Mimi niliyaamini macho yangu, yakaniacha njia panda."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kukuamini kutachukua muda."

Kulichukua muda kweli. Mwezi wa nane wote, karatasi na chupa zilivuka uchochoro kwenda kwa katekista, na Tereza alizitazama zikienda. Siku moja ya mwezi wa tisa Maige alianza kukohoa tena. Mama alirudi kutoka zahanati na chupa mpya ya dawa. Alisimama mlangoni kidogo, akatazama ng'ambo ya uchochoro, kisha akamwekea Tereza chupa mkononi.

Wateja watatu walikuwa wakinywa chai. Tereza alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, akasoma wa pili. Katika wa tatu akasimama. Alisikia vijiko vikinyamaza kwenye vikombe.

"Mama, hapa kuna neno silijui," alisema.

Mama alichukua chupa, akajitanda kanga. "Basi vaa viatu," alimwambia, "turudi zahanati tukaulize."