Shukrani Kabla ya Kipimo

Kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwetu Karatu ilikuwa siku ya kukata kucha. Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu alikagua usafi, na hakuwa mtu wa mzaha. Mama alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, mdogo wangu Eva akakaa miguuni pake, nami nikangoja zamu yangu. Nyembe zilikuwa mbili: wa kwao, na wangu peke yangu, uliofungwa kwenye karatasi na kuwekwa juu ya dirisha. Wembe wangu haukuguswa na mtu mwingine.

Mimi nilizaliwa na himofilia, yaani damu yangu ikitoka haigandi upesi kama ya watu wengine. Nikigonga goti kwenye dawati, goti linavimba wiki nzima. Nilipotahiriwa nikiwa mdogo, damu ilikataa kukoma, nikaongezewa damu za watu nisiowajua. Zamani hizo damu haikupimwa kila ugonjwa. Walioniokoa waliniokoa kweli, ila pamoja na damu ile kiliingia kirusi cha homa ya ini aina ya C. Kiligunduliwa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Homa hiyo hupita kwa damu, ndiyo sababu ya wembe wangu peke yangu.

Dawa zilipatikana kwa msaada, kupitia hospitali kubwa huko Moshi. Sindano moja kila wiki na vidonge asubuhi na jioni, kwa wiki arobaini na nane. Najua idadi hiyo kwa sababu sikuruka hata moja. Aliyenichoma hapa Karatu ni Nesi Naisula, mama wa Kimaasai aliyekulia Olbalbal. Kila Ijumaa alinichoma, kisha akanikandamiza pamba dakika ishirini nzima huku akinisimulia ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, kwa majina yao. Jumamosi nilishinda na homa. Jumapili chakula hakipiti. Jumatatu nilifika shuleni nimechoka kabla kengele haijalia. Wenzangu waliniita Mzee, nami sikukasirika, maana nilijiona mzee kweli.

Mwaka 2007 ukaisha, na dozi ikaisha. Damu ilipimwa, na Daktari Leodegar wa Moshi akatuambia virusi havionekani. Akaongeza kwamba baada ya miezi sita nipimwe tena, lakini sidhani kama mama alisikia. Alikuwa amefunika uso kwa kanga, analia kwa furaha.

Kwetu sisi, Mungu akikutendea jema hukai nalo nyumbani, unalipeleka kanisani. Januari tulitoa sadaka ya shukrani. Mama alitangulia na debe la maharage kichwani, Eva akabeba jogoo, mimi nikamburuta mbuzi ambaye hakuwa na shukrani yoyote. Mama akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu amepona!" Vigelegele vikajaa kanisani. Tuliporudi, mama aliuchukua wembe wangu juu ya dirisha akautupa chooni.

"Tumeshatoa shukrani," alisema. "Nikikutengea wembe tena, ni kumwambia Mungu kwamba simwamini."

Tukabaki na wembe mmoja. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa wembe wake.

Mwezi wa sita Nesi Naisula alinitoa damu, akaipeleka Moshi. Mama hakujali. "Taratibu zao tu hizo," alisema, akaenda shambani. Baada ya wiki mbili nesi aliniita nilipokuwa nikitoka shule.

"Inosenti, virusi bado havionekani," alisema. "Lakini vipimo vinaonyesha ini lako lina shida. Daktari anataka mrudi Moshi, akupime kipimo kingine. Barua hii mpe mama mkononi."

"Si nimepona, nesi?"

"Mimi sijui. Daktari naye hajui. Ndiyo maana anakuita."

Nilitembea hadi nyumbani. Nilifikiria homa za Jumamosi. Nilifikiria mama akiwa mbele ya kanisa, na majirani wakinong'ona kwamba alimdanganya Mungu mbele ya altare. Daftari langu la Sayansi lilikuwa na jalada la gazeti. Nikaitia barua chini ya gazeti lile, nikalibana vizuri. Mama aliponiuliza kama nesi alisema lolote, nilimjibu, "Amekusalimu."

Jumapili ya kwanza ilipita salama, kwa sababu mama alikuwa kwenye msiba. Jumapili ya pili alikaa kwenye kigoda chake. Nilianza mimi. Nilikuwa najikata kucha ya kidole gumba, wembe ukateleza, damu ikatoka. Mama alinishika kidole akakikandamiza kwa kitambaa, dakika nyingi, mpaka damu ikatulia. Kisha akaupangusa wembe kwenye ncha ya kanga.

"Eva, lete mkono."

Eva akanyoosha mkono. Alikuwa na tabia ya kutafuna kucha, na pembeni ya kidole chake kulikuwa na kijidonda. Niliona wembe ukikishukia kidole kile.

"Mama, acha! Usimkate!"

Mama akashtuka. "Una nini wewe?"

Nilikimbia ndani, nikalichana jalada la Sayansi mbele yake, nikampa barua. Aliisoma polepole, akairudia.

"Hii ni ya lini?"

"Ina siku kumi, mama."

"Siku kumi! Ukaniambia nesi amenisalimu?"

"Nilichoka, mama. Nilichoka na sindano. Na wewe ulishawaambia watu nimepona."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Mama aliuweka wembe chini, akamvuta Eva kifuani pake. "Tangu Januari tunatumia wembe mmoja," alisema. "Na aliyeutupa wako ni mimi." Afadhali angenichapa.

Kesho yake tulikuwa kwa Nesi Naisula kabla hajavaa koti lake. Eva alipimwa damu, na siku tatu tulizongoja majibu yake ndizo siku ndefu kuliko wiki zangu zote arobaini na nane. Alikula vizuri, hakuumwa, alicheza tu, na mimi kila nikimtazama machozi yalinitoka. Majibu yalikuja mazuri. Nesi akasema atapimwa tena baadaye, kwa uhakika zaidi.

Huko Moshi, Daktari Leodegar alinieleza kama mtu mzima mwenzake. "Mgonjwa mwingine ningemtoa kipande kidogo cha ini nikitazame. Wewe siwezi kukuchoma ini, damu haitakoma. Kwa hiyo tutatafuta virusi ndani ya chembechembe za damu yako. Wakati mwingine virusi hubaki vichache mno, vimejificha huko, na kipimo cha kawaida hakivioni."

Majibu yalichukua mwezi mzima. Vilikuwemo, vichache, vimejificha. Ndivyo vilivyolisumbua ini langu, ila lilikuwa halijaharibika. Daktari akaagiza nipimwe kila miezi sita, nisiguse pombe maishani, nisimeze dawa yoyote bila kuuliza, na wembe wangu uwe wangu.

Jumamosi iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwetu. Sala zilipokwisha, mama alisimama. Alieleza yote, hata habari ya wembe, kisha akasema, "Niliwaambia amepona kabla ya kungoja kipimo. Mnisamehe."

Mzee Martini, mwenyekiti wetu, akakohoa. "Mama Inosenti, mbuzi tumeshamla, hatuwezi kumrudisha," alisema, na watu wakacheka, mama naye akacheka huku akijifuta machozi. "Ulishukuru kwa wiki arobaini na nane za mtoto kuvumilia. Hapo hukusema uongo. Yaliyobaki tutayaombea, na hospitali mwende."

Desemba nilirudi kwa Nesi Naisula kutolewa damu. Alinikandamiza pamba, ila siku hiyo hakusimulia ng'ombe.

"Nimechoka, nesi," nikasema.

"Choka, mwanangu. Nani atachomwa miaka yote hii asichoke? Ukichoka sema, tukae na wewe. Lakini usifiche. Kirusi kujificha ni kazi yake, hakijui kingine. Kazi yetu ni kukitafuta. Sasa na wewe ukikisaidia kujificha, tutakitafuta na nani?"

Niliitazama ile pamba, nikaishika mwenyewe na kuikandamiza.

"Na mimi," nikamjibu.