Ulimi wa Ejoku

Mambo ilianza na kuku. Saa sita mchana, jua kali, kuku ya Akwii kule Moding ikaacha mahindi, zote mara moja, shingo juu, kama watu wameitwa na chifu! Halafu mbwa akajikuna masikio mpaka damu. Majirani wakacheka wee. "Hata mbwa ya Akwii iko na stress!" Wakacheka mpaka Kampala akageuka.

Kampala ni dume ya kulima, aliitwa hivyo juu alinunuliwa ng'ambo, Uganda. Alikuwa wa Ejoku, mtoto pekee wa Akwii. Ejoku hakuwa anamchapa. Alimwita na ulimi tu: ta-ta, halafu moja ya kuvuta, taa. Mwaka jana akimvusha kwa foleni ya malori Malaba, lori ikarudi nyuma, ikamfinya kijana, akafa. Kampala alisimama juu yake, akakataa kutoka.

Sasa Kampala akaangalia upande wa barabara, akalia vile alikuwa anamjibu Ejoku. Akaacha kula. Mbavu ikatokea.

"Ni mtoto wangu anaita," Akwii akanong'ona.

"Nyamaza, dada," jirani yake Asekenye akamwambia polepole. "Hiyo ni jini. Imechukua ulimi wake."

Mganga Akiror akaletwa. Akachoma majani, harufu kama nywele ikiungua, akaziba masikio ya Kampala na pamba na matope. Lakini na matope hivyo, na pamba hivyo, mchana kweupe, Kampala akageukia barabara, akalia, akatembea mpaka kamba ikamkata shingo, na akaendelea kuvuta, na kulia, na kungoja kidogo kama mtu anasikiliza jibu, halafu kulia tena, mpaka Akiror mwenyewe akarudi nyuma.

"Inaongea ndani ya kichwa," akasema. Akabeba kibuyu yake, akaenda bila kuaga.

Ndio akakuja Quinton, kijana wa mtambo ya rada serikali ilikuwa inajaribu karibu na reli kushika watu wa magendo. Alikuwa na aibu.

"Mama, si jini. Ni sisi. Mtambo yetu inarusha mawimbi, inakata, inarusha, inakata. Kila ikigonga kichwa, nyama ya ndani inashika joto kidogo sana, inashtuka, na sikio ya ndani inasikia kama kitu inagonga. Ndio maana pamba haisaidii."

"Kwa hivyo si Ejoku?"

"Si yeye, mama. Pole. Kesho tunaiondoa."

Asekenye akapiga makofi, akacheka na furaha. Akwii akakaa chini kwa mavi ya ng'ombe.

"Lori iliniulia yeye mara moja," akasema. "Wewe, mwanangu, umeniulia mara ya pili."

Mtambo ikabebwa, ikaenda. Kuku ikakula. Mbwa akalala. Kampala pia akakula, na Akwii akamchukia, vile anatafuna tu kama hakuna mtu alikufa.

Jumapili, watu wote kanisani, Akwii anasugua sufuria. Kampala akaacha kutafuna.

Ta-ta. Taa.

Akwii akaweka vidole kwa masikio, povu ikimwagika shingoni, akakaza, akakaza sana, na ile sauti ikabaki, ndani, karibu, vile mtoto anaongeleshanga mama yake akiwa amebebwa mgongoni.

Akapanguza mikono. Akafungua kamba.

"Tangulia, Kampala," akasema. "Wewe ndio unajua mahali yuko."