Kilichogonga Kisu cha Mama Mkwe

"Hiyo sauti ni ya nini humo chumbani?"

Lineo aliruka. Chini ya blanketi, mashine ya mkate ilikuwa inanguruma na kukanda unga kwa raha zake. Tseliso, mchumba wake, akawahi kuegemea mlango.

"Simu yangu, Mama! Inatetema!"

"Simu gani inakoroma hivyo? Njoo upange viti, wazee wako njiani."

Bi Mathabiso akaondoka. Lineo alibaki kajishika kifua.

"Tseliso, leo naumbuka."

"Huumbuki. Ngano nzima, asali, mbegu za alizeti! Mama atalamba vidole."

"Akijua sikuukanda mimi?"

"Atajuaje? Mashine haina mdomo."

Mwanaume akipenda, kila kitu anakiona chepesi! Katika ukoo ule wa huko Leribe hakuna bibi harusi aliyekwepa mtihani wa mkate. Unaoka, wakwe wanaonja, ndipo anachinjwa kondoo wa kukupokea na unapewa jina lako la ndoa. Bila kondoo na bila jina, unafunga mizigo. Tena mkate wa Bi Mathabiso haukuwa wa mchezo. Ulikuwa wa unga usiokobolewa, mzito, wa duara kutoka sufuria ya chuma, na sifa zake zilifika mpaka kanisani.

Lineo alikuwa amevunjika kifundo cha mkono wa kulia alipoanguka farasini, na hakikupona vizuri. Kushona nguo kiwandani Maputsoe aliweza, lakini kusukuma donge zito la ngano nzima kulimtoa machozi. Alitaka kusema ukweli. Ila shangazi yake Tseliso, Nthabeleng, alishatangaza kwenye msiba wa jirani, akimsema binti mwingine:

"Bibi harusi wa mkono mbovu wa nini? Tunaoa au tunauguza?"

Basi Lineo akaazima mashine kwa shoga yake Khauhelo, ikaingizwa ndani kwa kufungwa blanketi kama mtoto mchanga.

Mashine ilipolia kwamba mkate umeiva, chumba kizima kilinukia. Lineo aliushika kwa kitambaa, akacheka mwenyewe. Ulikuwa umeumuka vizuri, na ganda lake la kahawia! Simu ikalia, ujumbe umeingia, lakini shangazi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Wewe bibi harusi, wazee wale matofali? Lete mkate!"

Akaubeba mbiombio. Wazee walikuwa wamekaa na mablanketi yao mabegani. Mzee Sekhonyana, baba mdogo wa Tseliso, akavuta harufu.

"Eeeh! Huu unaniita kwa jina!"

"Mbona una pembe nne?" Shangazi akauliza.

"Nimetumia bati, Shangazi," Lineo akajibu.

Bi Mathabiso akachukua kisu. Lineo akachungulia simu chini ya shali.

"SHOGA! Kile chuma cha kukorogea huwa kinabaki ndani ya mkate! Kitoe kabla hujaupeleka mezani!!!"

Lineo akanyoosha mkono.

"Mama, ngoja—"

Kisu kikashuka. Kwaa!

Kipande cha chuma kikadondoka kwenye sahani, mbele ya ukoo mzima.

"Chuma!" Shangazi akapiga yowe. "Anataka kutung'oa meno! Mfungueni yule kondoo arudi malishoni!"

Tseliso akasimama. "Shangazi, mimi ndiye—"

"Kaa," Lineo akamwambia. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini akamtazama mama mkwe usoni. "Mama, mkono wangu hauwezi kukanda. Nimetumia mashine. Nampenda mwanao, niliogopa mtanirudisha."

Bi Mathabiso hakumtazama. Alikuwa amekiokota kile chuma, anakigeuzageuza.

"Mtoto wewe," akasema kwa uchungu, "kikorogeo kinatolewa baada ya kukanda mara ya mwisho! Unalowesha vidole, unakichomoa, unaacha unga uumuke. Na maji umeyabania. Unga wa ngano nzima unakunywa maji kweli kweli!"



Shangazi akainamisha kichwa upande.

"Wifi. Umekijuaje?"

Bi Mathabiso akafumba mdomo, lakini maneno yalishatoka.

"Mathabiso!" Mzee Sekhonyana akapigilia fimbo chini. "Huo mkate wako tunaousifia—"

"Mashine inakanda, sufuria inaoka!" Bi Mathabiso akalipuka. "Iko chini ya kitanda changu! Vidole vyangu vimekakamaa, shemeji, hata kifungo sifungi. Ningesemaje, na dada yenu huyu mdomo wake ndio redio ya kijiji?"

Wazee walicheka mpaka mablanketi yakawadondoka. Shangazi alitafuta pa kuficha uso, akaambulia kipande cha mkate, akakitafuna.

"Kitamu?" Tseliso akamchokoza.

"Kikavu kidogo," akanung'unika, huku mkono unafuata kingine.

Bi Mathabiso akamvuta Lineo, akamvisha blanketi lake mwenyewe mabegani.

"Mchinjeni kondoo! Kuanzia leo huyu anaitwa Mateboho, mama wa shukrani."

"Shukrani ya nini sasa?" Shangazi akauliza, mdomo umejaa.

"Nashukuru sitajifungia tena chumbani na unga. Mateboho, kesho asubuhi nenda uvunguni kwangu, uitoe ile mashine. Iweke jikoni, dirishani, kila mpita njia aione."

"Na hii yangu, Mama?"

"Weka pembeni yake, mwanangu. Nyumba hii ina walaji wengi."